Chapati ya wimbi yaingia kwenye foleni ya malori

Ukilala Malaba usiku mmoja utajua kwamba mji huu haufungi macho. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Bujumbura, Juba na mashariki mwa Congo hupita hapa, na lori likisimama, dereva na utingo wake wanataka chai. Pamoja na chai wanataka chapati. Shangazi yangu amewauzia chapati hizo kwa miaka mingi kwenye kibanda cha mabati upande wa Kenya, meza mbili na benchi moja refu. Kwa hiyo ninapoandika habari za unga siandiki kama mtu aliyesoma tu. Nimekanda, nimeunguza, na niliwahi kumharibia biashara kwa gunia moja la wimbi. Nitafika hapo.

Habari yenyewe ilianza mwaka 2022. Tarehe 24 Februari mwaka huo Urusi iliivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Tarehe 13 Mei India nayo ikazuia ngano yake isitoke nje. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi hununua sehemu kubwa ya ngano yao ng'ambo, kwa hiyo vita vya watu wa mbali viliingia moja kwa moja kwenye beseni la kukandia la shangazi. Bei ya unga ilipanda, mafuta ya kupikia yakapanda, na chapati ikabaki bei ileile kwa sababu dereva aliyezoea bei moja hukasirika kuliko mtu aliyeibiwa. Shangazi akafanya walivyofanya wauzaji wote wa chapati kutoka hapa hadi Kasese: akapunguza donge. Chapati ikawa nyembamba, ikawa ndogo, na madereva wakaanza kuagiza tatu mahali pa mbili huku wakinung'unika.

Wakati huohuo, hatua chache kutoka kibandani, wanawake walikuwa wamekaa chini na magunia ya wimbi kutoka upande wa Uganda. Wimbi lile halikuvuka bahari wala halikusubiri meli. Ndipo swali likaja: kwa nini chapati lazima iwe ya ngano?

Jina moja, nafaka tatu

Kabla ya kuingia jikoni, tuelewane majina, maana kwenye biashara ya mpakani jina baya ni hasara. Nafaka ndogo nyekundu ya kahawia ambayo Mkenya huiita wimbi, Mtanzania huiita ulezi. Uganda utasikia bulo au obulo, na ukivuka Gatuna au Rusumo utasikia uburo. Hiyo ni nafaka moja. Uwele, ambao wengine huuita mawele, ni nyingine: punje zake ni kubwa kidogo, rangi ya kijivu au manjano, na hustawi kwenye ukame wa Dodoma, Singida, Kitui na Tharaka. Mtama ni wa tatu, wenye punje kubwa za mviringo. Ndio amasaka ya Rwanda na Burundi.

Nayasema haya kwa sababu jina la Kiingereza linalotumika kwenye fomu za mpakani hujumlisha wimbi na uwele pamoja, na baadhi ya watu hulitumia hata kwa mtama. Mfanyabiashara aliyeandikiwa karatasi ya nafaka moja akakutwa na gunia la nyingine ana maelezo marefu ya kutoa. Mwambie anayekuandikia cheti afungue gunia aone kwa macho yake.

Jikoni pia nafaka hizi hazilingani. Wimbi lina mafuta kidogo, kwa hiyo unga wake hukaa muda mrefu bila kuharibika, na punje zake zikikaushwa vizuri hukaa ghalani miaka mingi. Wazee walilihifadhi kama akiba ya njaa. Uwele una mafuta mengi kwenye kiini. Ukishausaga, baada ya wiki moja au mbili za joto unga huanza kuwa mchungu na kutoa harufu. Ukitaka kufanya biashara ya uwele, safirisha punje, saga kidogo kidogo. Ukiona mtu anauza unga wa uwele kwa bei ya kutupa, unuse kwanza.

Mkate uliokuwepo kabla ya chapati

Wapo watakaosema chapati isiyo ya ngano si chapati. Wana haki ya kusema hivyo, lakini mkate bapa wa nafaka zetu si jambo jipya. Waswahili wa pwani wana mkate wa mofa: mkate wa duara wa unga wa mtama, unaobandikwa ndani ya tanuri ya udongo yenye moto na kuliwa na samaki au mchuzi. Wasomali wana muufo, ndugu yake wa damu, wa unga wa mahindi au mtama. Watu wa Sudan Kusini na Sudan huchachua uji wa mtama wakautandaza juu ya chuma cha moto mpaka ukawa mwembamba kama karatasi; huo ni kisra. Somalia na Sudan Kusini leo zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, moja iliingia mwaka 2024 na nyingine 2016, kwa hiyo tukisema mikate ya jumuiya tusiishie kwenye chapati ya ngano.

Tena kuna mzunguko mmoja ambao hunifurahisha kila nikiufikiria. Wimbi ni zao la kwetu. Lilianza kulimwa kwenye nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na maelfu ya miaka iliyopita lilivuka likafika India. Kule, hasa jimbo la Karnataka, wanalipikia mikate bapa hadi leo, na watu wa Gujarat na Rajasthan wanapika ya uwele. Chapati nayo ilikuja kwetu kutoka India. Yaani mbegu yetu ilikwenda, mapishi yakarudi, lakini njiani tukabadilishiwa unga. Baadhi ya familia za Kigujarati zinazoishi miji yetu bado hupika mikate ya uwele nyumbani, wakati sisi tunaamini uwele ni wa uji tu.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi, kwa pendekezo la India. Mikutano ilifanyika, vipeperushi vikachapwa. Malaba sikuona hata kimoja.

Kwa nini inapasuka

Jaribio letu la kwanza lilikuwa aibu. Shangazi alichukua unga wa wimbi, akatia chumvi, mafuta na maji ya baridi, akakanda kama alivyozoea. Donge likawa kama udongo wa kufyatulia matofali. Alipolisukuma likapasuka pembeni, alipoliinua likagawanyika vipande viwili, na kile kilichofika kwenye chuma kikatoka kigumu kama kigae. Utingo mmoja aliyekuwa anatazama alicheka mpaka chai ikamwagika.

Sababu ni hii. Ngano ina gluteni, protini ambayo ukiikanda na maji hujifunga kama nyuzi za mpira. Nyuzi hizo ndizo zinazokuruhusu kusukuma chapati, kuikunja, kuizungusha kama konokono na kuisukuma tena. Wimbi, uwele na mtama hazina gluteni hata chembe. Ukikanda saa nzima hutaongeza kitu ila uchovu.

Lakini nafaka hizi zina wanga, na wanga ukikutana na maji yanayochemka hulainika na kunata. Kila anayepika ugali anajua hilo bila kufundishwa: unga mkavu hauna umoja, ukiingia kwenye maji ya moto unakuwa kitu kimoja. Basi siri ya chapati ya wimbi ni kuanza kama mtu anayesonga ugali.

Ile ya wimbi tupu hupikwa hivi. Chemsha vikombe viwili vya maji na chumvi na kijiko kimoja cha mafuta. Yakichemka kwelikweli, mimina vikombe viwili vya unga uliochekechwa, punguza moto, koroga kwa mwiko mpaka unga wote uloe, halafu ipua na ufunike dakika kumi. Usifunue kwa kiherehere. Kisha kanda ungali moto, mikono ukiichovya kwenye maji baridi, mpaka donge liwe laini lisilo na mabonge. Kata matonge ya ukubwa wa yai. Usisukume kwa mti; weka tonge kati ya vipande viwili vya nailoni nene na ulibonyeze kwa sahani au kitako cha sufuria, au lisambaze kwa kiganja juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta. Chuma kiwe na moto wa kutosha. Ukishaiweka, pakaza maji kidogo juu kwa vidole. Maji yakikauka, igeuze. Ikitoka, iweke ndani ya kitambaa na uifunike kwenye hotpoti papo hapo, mvuke wake ndio unaoilainisha.

Chapati hiyo ni tamu, ina harufu ya moshi kidogo, na haihitaji mafuta mengi ya kukaangia. Ila ina kasoro moja ambayo nitairudia baadaye.

Ya mchanganyiko ndiyo iliyookoa kibanda. Sehemu mbili za unga wa ngano, sehemu moja ya wimbi. Wapishi wengi huchanganya unga wote pamoja na kumwagia maji ya moto, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu maji yanayochemka huua ule mvuto wa ngano. Wimbi peke yake ndilo lichomwe na maji. Kwa kikombe kimoja cha wimbi tumia kikombe kimoja cha maji yanayochemka, koroga, acha lipoe mpaka uweze kutia kidole bila kuruka. Hapo ndipo unatia vikombe viwili vya ngano, chumvi na mafuta, na kuanza kukanda. Maji yaliyomo kwenye wimbi kwa kawaida yanatosha donge zima. Usiongeze mengine mpaka umekanda kama dakika tano na kuona kweli ni kavu. Liache donge lipumzike nusu saa. Hii unaisukuma, unaikunja na kuisukuma tena kama chapati ya kawaida. Rangi yake ni ya kahawia, nayo hukunjika bila kupasuka, hata ukitaka kuifungia mayai kama rolex ya Kampala.

Ukipanda kufika nusu kwa nusu bado inasukumika, lakini pembeni huanza kumeguka. Hapo Wateso na Waluhya wa eneo hili wana jibu ambalo wamekuwa nalo siku zote: muhogo. Hapa kwetu ugali wa wimbi mara nyingi huchanganywa na unga wa muhogo, kwa sababu muhogo hunata. Konzi moja ya unga wa muhogo kwenye lile wimbi unalolichoma na maji hushika donge vizuri ajabu. Tulihangaika wiki mbili kutafuta kitu cha kunatisha wakati kilikuwa kwenye chungu cha chakula cha mchana.

Na kama hutaki kukanda kabisa, pika chapati za maji. Unga wa wimbi na ngano nusu kwa nusu, yai, maziwa au maji, uache usiku kucha uchachuke kidogo kama uji, asubuhi mimina kwenye kikaango. Hiyo hata mtoto wa shule anaiweza.

Gunia langu la aibu

Sasa nifike pale nilipoahidi. Shangazi alipoona mchanganyiko unakubalika, alinituma ninunue gunia zima ili apate bei ya jumla. Nilikwenda sokoni, nikatia mkono juu ya gunia, nikatazama rangi, nikapatana, nikalipa. Nilijiona mfanyabiashara. Gunia likaenda moja kwa moja mashine ya kusaga.

Asubuhi iliyofuata dereva wa kwanza alitafuna mara mbili akasimama. Wa pili akatema. Mchanga. Ulikuwa mwingi kiasi kwamba ulisikika. Siku ile shangazi alirudisha pesa za watu, akatupa donge lote, na kwa karibu mwezi mmoja madereva wakawa wanaulizia kwanza: mama, hii ni nyeupe au ile ya mchanga? Mimi hakunisema neno. Alininyima chai tu.

Mchanga ndio ugonjwa mkubwa wa biashara ya wimbi. Punje ni ndogo, na zikipurwa juu ya ardhi tupu vijiwe vya ukubwa uleule huingia humo na chekeche haliwezi kuvitenganisha. Wakulima wanaopuria juu ya turubai huuza wimbi safi zaidi na wana haki ya kudai bei ya juu. Siku hizi nikinunua nafungua gunia na kuchota chini na katikati, siyo juu. Natia konzi moja kwenye bakuli la maji, nakoroga kwa mzunguko na kumwaga punje pole pole pamoja na maji; mchanga mzito hubaki kitako. Muuzaji akikataa bakuli lako, hilo ni jibu.

Hata ukipata wimbi zuri, lioshe namna hiyohiyo maji mawili matatu kabla ya kusaga, ulianike juu ya turubai mpaka likauke kabisa. Likikauka nusu linaota ukungu, na ukungu ni habari nyingine tena nzito.

Karatasi za mpakani

Wafanyabiashara wengi wadogo bado wanapita njia za panya na gunia moja moja mgongoni au kwenye baiskeli. Naelewa kwa nini. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu wa Busia na Malaba, kwa watu waliokuwa wakivusha abiria na mizigo kwa baiskeli. Lakini kwa nafaka hizi njia ya panya mara nyingi ni ghali kuliko njia kuu, ukihesabu unachotoa mfukoni na unachopoteza ukikamatwa.

Nafaka iliyolimwa ndani ya jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kutoka nchi mwanachama hadi nyingine. Kama thamani ya mzigo wako haizidi dola 2,000 za Marekani, kuna utaratibu rahisi: unapewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha, bila kumlipa wakala akujazie makaratasi. Kwenye vituo vya pamoja kama Busia na Namanga, vyote viwili vilizinduliwa mwaka 2018, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Uliza dawati la wafanyabiashara wadogo, na orodha ya bidhaa iombe uisome mwenyewe.

Watu hukosea hapa: kutolipa ushuru si kutokuwa na masharti. Punje ni mmea, kwa hiyo zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na mara nyingi kibali cha kuingiza kutoka nchi zinakokwenda. Ukitoa nafaka Tanzania, uliza pia kibali cha kuuza nje kutoka Wizara ya Kilimo kabla hujakodi gari. Unga uliofungashwa ni bidhaa ya kiwandani, na hapo wanatafuta alama ya ubora: TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya, UNBS kwa Uganda. Unga uliosagwa kwa jirani na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni hauna alama hiyo. Ndiyo maana mimi nashauri mwenye mtaji mdogo avushe punje na asage upande wa pili.

Halafu kuna sumukuvu. Wengi tunakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, malori yakasimama mpakani, na siku chache baadaye mlango ukafunguliwa kwa masharti. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki kwa mahindi ni jumla ya sehemu 10 kwa bilioni, na aina ya B1 peke yake isizidi 5. Wimbi huwa na hatari ndogo kuliko mahindi lakini si kwamba haliguswi, hasa likifungwa na unyevu. Kikinge cha bei nafuu ni jua: unyevu ushuke chini ya asilimia 13. Masoko mengi makubwa ya nafaka yana mashine ndogo ya kupima. Kama haipo, ng'ata punje, ikilia tak iko vizuri, ikipondeka bado.

Hesabu ya kibanda

Wengi wanaandika kana kwamba wimbi ni chakula cha bei rahisi. Si kweli. Sokoni kilo ya wimbi mara nyingi ni ghali kuliko kilo ya unga wa ngano, na sababu iko shambani: kupalilia kwa mkono, kuvuna kichwa kimoja kimoja kwa kisu, kupura, kupepeta. Ndege na kiduha navyo vinakula fungu lao. Mkulima anayeuza ghali hajakuibia.

Basi tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kwa shilingi za Kenya. Weka za soko lako. Tuseme ngano ni 80 kwa kilo na wimbi 140. Kilo tatu za ngano ni 240. Kilo mbili za ngano na moja ya wimbi ni 300. Tofauti ni shilingi 60. Kilo tatu za unga hutoa donge la kama kilo tano, yaani chapati 50 za gramu mia. Gawanya: kila chapati imekugharimu shilingi moja na senti ishirini zaidi. Ukiiuza kwa shilingi tano juu ya ile nyeupe umefidia gharama na ukabaki na kitu. Ngano ikipanda kufika 120, tofauti inashuka hadi senti arobaini kwa chapati. Na wimbi likishuka hadi 100 wakati wa mavuno huku ngano iko 80, ni zile senti arobaini tena. Kwa hiyo anayenunua wimbi baada ya mavuno, akalikausha na kulihifadhi, ndiye anayecheka ngano ikipanda, kwa sababu punje hazimwozei ghalani.

Anayetaka kupunguza gharama kabisa atumie mtama badala ya wimbi, kwa kipimo kilekile. Chapati ya mtama mweupe haitofautiani sana kwa rangi na ya ngano. Mtama mwekundu una ukakasi. Ule ni wa pombe, mwachie mwenyewe.

Je, mteja atalipa hiyo tano ya juu? Kwa uzoefu wa kibanda kile, wengine ndiyo na wengine hapana. Wanaolipa wengi ni watu wazima walioambiwa hospitali wapunguze vyakula vyeupe, na akina mama wanyonyeshao. Wimbi kweli lina sifa: gramu mia moja zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, karibu mara kumi ya ngano. Lakini nimesikia wauzaji wakiwaambia watu kwamba chapati ya wimbi inatibu kisukari. Haitibu. Ni wanga, na ukila tano sukari itapanda. Vilevile mtu ambaye daktari amemkataza gluteni asiuziwe ya mchanganyiko kwa kuambiwa ni ya wimbi. Ndani yake mna ngano sehemu mbili, na kwake huo ni ugonjwa. Shangazi ameandika kwa chaki kwenye ubao: ya wimbi tupu, ya kuchanganya, nyeupe. Bei tatu. Madereva wa Rwanda humuuliza tu kama uburo upo.

Ile kasoro niliyosema ni kwamba chapati ya wimbi tupu haivumilii kusubiri. Ikipoa wanga hukaza tena, na baada ya saa mbili nje ya hotpoti inarudi kuwa kigae. Unaweza kuinyunyizia maji na kuirudisha kwenye chuma, italainika mara moja, ya pili hapana. Kwa dereva anayetaka kufunga sita kwenye gazeti akale Jinja, haifai. Huyo anapewa ya kuchanganya. Kwa hiyo shangazi hupika za wimbi tupu chache, ishirini hivi, kuanzia alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi anafuta mstari huo ubaoni. Anayekuja saa tano anaikuta nyeupe na ya kuchanganya tu, na kama ni mimi, bado lazima niombe chai mara mbili.